Chupa ya Chai ya Mama Mkubwa

"Mama, kuna dawa nyingine yoyote unatumia, ukiacha hizi tunazokupa hapa?"

Muuguzi aliuliza huku kalamu imeshagusa daftari. Mama mkubwa akajibu palepale.

"Hapana, mwanangu. Hizi hizi."

Kalamu ikaandika, daftari likafungwa, tukaambiwa tukasubiri kwenye benchi la daktari.

Mimi ndiye niliyepakata kikapu chake. Ndani mlikuwa na khanga ya kujifunika, kadi ya bima, viazi vitamu vya kuchemsha vya kula akishapimwa, na chupa ya chai. Kilichokuwa kwenye chupa ile nakijua, kwa sababu alfajiri nilimshikia chujio: choya, yale maua mekundu makavu, kipande cha mdalasini, tangawizi iliyopondwa, na kijiko cha unga wa kijani anaoununua sokoni, tunaouita mlonge. Anakunywa kikombe asubuhi na kingine jioni. Siku akihisi kichwa kizito anaongeza cha tatu. Ndivyo anavyoishi tangu alipoambiwa ana sukari na presha, na saa za vikombe hivyo anazishika kuliko saa za vidonge.

Hakuwa anamdanganya muuguzi. Huyu ni mwanamke ambaye akizidishiwa chenji dukani hurudi nayo hata kama jua linawaka. Aliulizwa habari za dawa, akajibu habari za dawa. Ile nyingine ni chai.

Wiki zimepita na lile "hapana" halijanitoka. Kama ni chai tu, mbona hainywi kwa kiu wala kwa mazungumzo, anainywa kwa saa na kwa kipimo? Na kama ni dawa, nani anaisimamia?

Maswali kabla ya sufuria

Mtaani kwetu, hapa Tanga, mtoto akianza kukohoa hupitishwa kwanza kwa mama mkubwa. Wanaomjua kwa chai zake ni wengi, lakini nilipoanza kumtazama kwa makini niligundua kwamba sufuria huja mwisho. Kwanza anauliza. Kikohozi kimeanza lini? Kikavu au kina makohozi? Usiku kinazidi? Anakula? Amekojoa leo? Huku akiuliza anamfunua mtoto kifua na kumwangalia anavyopumua. Akiona mbavu zinabonyea kila mtoto anapovuta hewa, hagusi hata kinu. Anavaa viatu na kumwambia mama wa mtoto, "Twende hospitali, mama. Hapa hapana chai."

Na akiambiwa mtoto ana miezi mitatu, jibu ni moja kwa kila ugonjwa: mnyonyeshe, na kama ana homa mpeleke. Ukanda huu wa pwani tumezoea kuwapa vichanga maji ya bizari kwa ajili ya tumbo la gesi. Yeye hakubali, na wataalamu wa afya wako upande wake: miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama matupu, bila hata maji.

Akishajiridhisha kwamba ni mafua ya kawaida, ndipo moto unawashwa.

Anachukua tangawizi mbichi, kubwa kama kidole gumba, ile inayoshuka sokoni kutoka milima ya Same. Anaiosha kwa kuisugua, hamenyi. Anaiponda kwenye kinu mpaka nyuzi zinaonekana na maji yake yanalowesha mchi, kisha anaitia kwenye maji ya baridi na kuchemsha nayo taratibu. Wakati inatokota anakwenda nyuma ya nyumba kukata mchaichai. Majani manne matano anayakunja na kuyafunga fundo, anayapiga kidogo na mgongo wa kisu. Sufuria ikishaipuliwa ndipo fundo linazama, na kifuniko kinawekwa juu hapohapo. Ukifunua kuchungulia atakukemea.

Kuna sababu ya kukemea. Harufu ya mchaichai ni mafuta mepesi, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kinachoitwa sitrali. Ukiyachemsha wazi yanaondoka na mvuke. Nyumba inanukia na kikombe kinabaki maji ya majani. Mnanaa na kivumbasi ni vilevile. Vitu vigumu kama gome la mdalasini na mizizi vinahitaji moto na muda. Tangawizi ina tabia yake tena: ukali wa mbichi ni wa jinjeroli, na ikikaushwa au ikichemshwa sana sehemu ya jinjeroli hugeuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Ndiyo maana ile ya unga inauma koo kwa namna tofauti na ile ya kinuni.

Asali anaweka kikombe kikishapoa cha kunyweka, na mtoto ambaye hajatimiza mwaka haonji kabisa. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaotoa sumu ya kupooza misuli, na utumbo wa mtoto mchanga hauna uwezo wa kuwazuia.

Inasaidia kweli?

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu, kwa sababu nampenda mama mkubwa na nazipenda chai zake, na mapenzi si ushahidi.

Mafua huisha yenyewe. Kwa watu wengi ni wiki moja, wengine siku kumi. Ukinywa chai ya tangawizi siku ya tano ukapona siku ya saba, chai itapewa sifa ambazo mwili wako ulikuwa unazifanyia kazi tangu siku ya kwanza. Hilo siwezi kulikwepa.

Hata hivyo, kupona ni jambo moja, na kulala usiku huku unasubiri kupona ni jingine. Maji ya moto yanalegeza makohozi. Mvuke unafungua pua kwa muda. Asali imepimwa kwa watoto waliotimiza mwaka na kuendelea, na imeonekana kupunguza kikohozi cha usiku. Tangawizi imepimwa kwa kichefuchefu cha wajawazito na ikaonekana kusaidia. Karafuu ina eujenoli, inayotia ganzi, na madaktari wa meno wamekuwa wakiitumia miaka na miaka katika dawa zao za kuzibia. Bibi zetu waliokuwa wakibana karafuu kwenye jino bovu walikuwa na hoja. Jino lenyewe litabaki bovu.

Choya nayo imepimwa, na hili ndilo lililonitoa kwenye kiti. Majaribio kwa watu wenye presha yameonyesha kwamba choya inayonywewa kila siku inaweza kuishusha presha kidogo. Nilitegemea kusoma kwamba ni rangi nyekundu na uchachu tu.

Sasa rudi kwenye kikapu. Kama choya haifanyi kitu, lile "hapana" kwa muuguzi halina madhara. Kama inafanya kitu, basi mama mkubwa ana dawa mbili za presha na kliniki inajua moja.

Kadiri nilivyozidi kuamini kwamba chai zake zina nguvu, ndivyo nilivyozidi kuogopa ukimya wake.

Sukari, chumvi na maji

Nipite kidogo kwenye kuhara, maana mama mkubwa ana chai yake ya majani ya mpera, na majirani huiulizia sana mvua zikianza. Majani ya mpera yana tanini, zile zinazokausha ulimi, na matumizi yake kwa kuhara yapo katika nchi nyingi zenye mapera. Lakini anayeua katika kuhara ni upungufu wa maji, na kinywaji kinachozuia kifo hicho kinatengenezwa jikoni bila jani lolote.

Lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Vijiko vidogo sita vya sukari, vilivyosawazishwa. Nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Basi.

Sukari na chumvi hupita pamoja kwenye ukuta wa utumbo, kila kimoja kinamfungulia mwenzake mlango, na maji yanafuata. Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, kipindupindu kiliingia kwenye kambi za wakimbizi mpakani mwa India. Dripu zikakaribia kwisha. Daktari Dilip Mahalanabis, kule Bangaon, akaamua kuwagawia watu mchanganyiko wa sukari na chumvi, ndugu wa wagonjwa wakawa ndio wanaonyweshana kikombe kwa kikombe. Vifo vilivyokuwa vikifikia karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 vilishuka hadi karibu 4.

Nalitaja hili kwa sababu watu wakizungumza kuhusu tiba za nyumbani hudhani mjadala ni wa asili dhidi ya hospitali. Kinywaji hiki ni cha nyumbani kuliko vyote, na hospitali ndiyo inayokitetea kwa sauti kubwa zaidi. Tofauti yake na vingine ni kwamba kina kipimo. Ukizidisha chumvi unamdhuru mtoto. Ukipunguza sukari, chumvi haipiti. Siku hizi pakiti zake zinapatikana kila duka la dawa na kila zahanati, pamoja na vidonge vya zinki kwa mtoto, na pakiti ni bora kuliko kijiko cha kukisia. Chai ya mpera, kama mtu mzima anaitaka, ikae pembeni ya kikombe hicho.

Jani lililofika mbali

Nilipokuwa natafuta mpaka kati ya chai na dawa, nilifika mahali ambapo jani moja limesimama pande zote mbili.

Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, ukaitwa Mradi 523. Mtafiti Tu Youyou na wenzake walipekua maandiko ya kale ya tiba, wakatengeneza sampuli baada ya sampuli. Aina moja ya pakanga, Artemisia annua, ilionyesha matumaini kisha ikawaangusha: walipoichemsha, nguvu yake ilipotea. Tu Youyou akarudi kwenye andiko la Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, akaona kitu alichokuwa amekipita. Ge Hong hakusema chemsha. Alisema loweka kwenye maji, kamua, unywe. Huenda moto ndio uliokuwa unaua dawa. Akabadili njia, akatumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzijoto 35 hivi tu. Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikafuta vimelea vyote vya malaria kwa panya. Kutoka hapo ikapatikana artemisinini, na mwaka 2015 Tu Youyou akapewa Tuzo ya Nobeli.

Dawa mseto tunayomeza tukikutwa na malaria, ambayo Tanzania iliianza mwaka 2006, ina dawa iliyotokana na jani hilo.

Basi tuchemshe pakanga?

Hapana, na Shirika la Afya Duniani limelisema hilo waziwazi. Artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Kiasi chake kinatofautiana kwa shamba, kwa msimu, hata kwa jinsi majani yalivyokaushwa. Chai inaweza kukushushia homa ukadhani umepona, wakati vimelea vilivyobaki vimeonjeshwa dawa bila kuuawa, na hivyo ndivyo vinavyojifunza kuivumilia. Kwenye dawa mseto imewekwa dawa ya pili kwa makusudi ya kumalizia waliobaki, na dozi zake sita za siku tatu zimehesabiwa.

Homa kwetu haina haki ya kupewa chai kabla ya kipimo. Kipimo cha haraka ni tone moja la damu kwenye ncha ya kidole na dakika zisizofika nusu saa. Mama mkubwa hili analielewa vizuri kuliko vijana wengi ninaowajua. Homa kwake ni "nenda kapime".

Kikombe kimoja kwa wote

Wasomaji wangu wengi mnaikumbuka 2011. Sihitaji kueleza foleni za Samunge, Loliondo, wala magari yaliyolala njiani. Kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kilikuwa shilingi 500, kimetokana na mti wa mugariga, na kilikuwa kilekile kwa mwenye kisukari, mwenye saratani, mwenye pumu na mwenye virusi vya UKIMWI. Wapo waliorudi wakaacha dawa zao. Tuliwazika baadhi yao, na sisemi zaidi ya hapo.

Kisha ikaja 2020 na korona, nyungu za kujifukiza kila ua, limau na tangawizi zikapanda bei.

Sina nia ya kuwacheka waliokwenda. Mtu mwenye maumivu ya miaka mingi, aliyechoka kurudishwa na vidonge vilevile, atapanda hata lori. Ninachokiona nikiangalia nyuma ni kwamba misimu ile miwili ilikuwa kinyume kabisa na jiko la mama mkubwa. Kwake hakuna kikombe kabla ya maswali. Kule kikombe kilikuwa tayari, maswali hayakuwa na nafasi.

Na sasa kikombe cha namna hiyo kinaingia kila asubuhi kwenye simu zetu. Kitunguu saumu, tangawizi, karafuu, mwarobaini, limau, vyote sufuria moja, vinasafisha damu, ini, figo, vinaondoa presha, sukari, vidonda vya tumbo na nguvu zilizopungua. Tuma kwa watu kumi. Haisemwi popote kwamba mjamzito asiguse mwarobaini. Haisemwi kwamba mtu anayemeza warfarini ya kuzuia damu kuganda anaweza kujiletea kuvuja damu akila kitunguu saumu kwa wingi kila siku. Haisemwi hata ni vikombe vingapi.

Kwa mfamasia

Nilimwendea mfamasia mmoja wa mtaani, mtu mzima mwenye subira, nikamweleza chupa ya chai na majina ya vidonge vya mama mkubwa: amlodipini ya presha, metifomini na glibenklamaidi za sukari. Nilitegemea aniambie chai yote imwagwe.

Akaniuliza, "Dada, kile kikombe cha tatu anakunywa lini?"

Nikamwambia: akihisi kichwa kizito, akisikia kizunguzungu.

Akanyamaza kidogo, kisha akanieleza. Kichwa kizito kinaweza kuja presha ikipanda, na kizunguzungu kinaweza kuja presha ikishuka, hasa mtu mzima anaposimama ghafla kutoka kwenye mkeka. Sukari ikishuka nayo ina kizunguzungu chake, pamoja na jasho, mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio. Glibenklamaidi inaisukuma kongosho kutoa insulini hata kama mtu hajala. Metifomini peke yake si rahisi kufanya hivyo, ila zikiwa pamoja, na juu yake mlonge na mdalasini ambavyo vinadhaniwa kushusha sukari kidogo, na mtu amechelewa kula kwa sababu yuko kwenye foleni ya kliniki...

Hakumaliza sentensi. Hakuhitaji.

Mama mkubwa huenda amekuwa akihisi presha imeshuka, na kila ikishuka anaongeza kinywaji kinachoishusha.

Huenda. Hakuna aliyepima. Hilo "huenda" ndilo lililobadilisha mawazo yangu kuhusu jambo zima. Mpaka siku ile nilikuwa nauliza kama chai zake ni nzuri au mbaya, na hilo swali halina jibu. Choya ni nzuri kwa mtu ambaye presha yake inajulikana leo asubuhi ni ngapi.

Mfamasia alinipa mambo ya kufanya, nayaandika hapa kwa ajili ya yeyote mwenye mzazi wa namna hii. Kizunguzungu kikija, pima kwanza: presha kwa mashine, sukari kwa kidole. Kama sukari iko chini ya 4 kwenye kipimo cha milimoli, apewe sukari ya kulamba au soda ya kawaida mara moja, apimwe tena baada ya robo saa, kisha ale. Kiasi cha chai kisibadilikebadilike. Kikombe kimoja kila siku ni rahisi kwa daktari kukipigia hesabu kuliko vitatu leo na sifuri kesho. Na mdalasini uwe ule mwembamba unaojikunja tabaka juu ya tabaka na kuvunjika kwa vidole, kama unaolimwa Zanzibar. Lile gome nene gumu la rangi ya kahawia iliyoiva ni aina nyingine, lina kumarini kwa wingi, na kumarini nyingi ya kila siku inaweza kuumiza ini.

Alichonijibu mwenyewe

Nilichagua jioni, baada ya magharibi, akiwa ametulia barazani.

"Mama, mbona kule kliniki hukusema kuhusu choya?"

Aliniangalia muda.

"Niliwahi kusema, mwanangu."

Ilikuwa miaka ya nyuma, kituo kingine, wala si hiki tunachokwenda sasa. Aliulizwa swali lilelile, akajibu kwa kirefu: mdalasini, choya, majani ya mlonge aliyochuma mwenyewe. Aliyekuwa anamhudumia akapaza sauti, mbele ya benchi zima, kwamba hawa ndio wazee wanaojiua kwa mitishamba halafu wanakuja kuwasumbua. Watu wakageuka. Wapo waliocheka.

"Nikasema moyoni, kumbe hawataki kujua. Basi sitawaambia tena."

Kwa wiki zote zile nilikuwa nimejijengea maelezo yangu, kwamba kwake chai si dawa ndiyo maana hakuitaja. Alijua kabisa ni dawa. Mwanamke anayeuliza maswali yote yale kabla ya kumpa mtoto wa jirani tangawizi angekosaje kujua? Alinyamaza kwa sababu kusema kulimgharimu heshima yake mbele za watu, na katika umri wake hakuona kwa nini alipe mara mbili.

Nilikasirika. Bado nimekasirika nikiandika. Ukimwaibisha mzee kwa sababu ya choya, choya ataendelea kuinywa, na wewe mhudumu utabaki na daftari lisilosema kweli, ukiongeza na kupunguza vidonge kwa kubahatisha. Nawaomba wanaofanya kazi kwenye kliniki hizi: badilini swali. "Unatumia dawa nyingine?" linamsimamisha mtu kizimbani. "Nyumbani unakunywa nini asubuhi, mama?" linaulizwa na mtoto wa mtu, na litajibiwa.

Yule muuguzi wetu wa sasa aliuliza kwa upole. Alikuwa anavuna alichopanda mwingine.

Orodha

Tukakubaliana kuandika. Nilichukua karatasi, yeye akawa ananitajia: choya, konzi ya mkono wake mmoja kwa chupa, konzi ambayo tuliimimina kwenye kikombe cha kupimia ili daktari aelewe. Mdalasini, kipande cha urefu wa kidole kidogo. Tangawizi. Vikombe viwili, cha tatu kimefutwa mpaka apimwe. Mchaichai jioni, akipenda. Karatasi nikaibana ndani ya daftari la kliniki.

Tukafika kwenye unga wa kijani.

Nilidhani ni mlonge. Ndivyo tulivyozoea kuuita. Akauleta: kopo la plastiki la kuchotea, halina nembo, halina jina la aliyetengeneza, halina tarehe. Muuzaji humwambia ni "dawa ya sukari", mlonge na vitu vingine. Vitu gani? Hajawahi kutajiwa. Anachojua ni kwamba unafanya kazi, sukari inashuka siku hiyohiyo.

Hiyo kasi ndiyo iliyonitia baridi. Majani ya mlonge hayajulikani kwa kushusha sukari kwa haraka hivyo. Katika nchi mbalimbali mamlaka za dawa zimewahi kukuta unga na vidonge vya "asili" vimechanganywa na dawa za hospitali kimyakimya, zikiwamo dawa za sukari za jamii ya glibenklamaidi ileile anayoimeza. Simtuhumu muuzaji wake. Sijaupima unga ule. Lakini nchi hii ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu 2002, ina baraza linalosajili waganga na dawa zao, na Muhimbili ina taasisi nzima ya tiba asili iliyoanza kama kitengo mwaka 1974. Anayeuza dawa ya asili kwa haki ana pa kuipeleka ikaangaliwe, na ana jina la kuweka kwenye kopo.

Jani la mchaichai nalijua, nimelikata mwenyewe. Choya tunainunua ikiwa maua makavu, unaona kila kikonyo. Unga siwezi kuuona.

"Mama, hapa niandike nini?"

Akalishika kopo, akalinusa, akalifunika.

"Andika: unga wa sokoni, sijui una nini. Na kopo lenyewe tulibebe, wakaliangalie." Kisha akaongeza kwamba mpaka siku ya kliniki hataugusa, na kwamba akiambiwa na daktari kuacha ataacha, aambiwe kwa adabu. Choya haiachi, hilo nisijisumbue kumwambia. Kikombe kimoja atapunguza kama mashine ya presha itasema hivyo.

Nimeandika kama alivyosema. Kliniki ni wiki ijayo, na safari hii tutaingia wote wawili chumbani.